Trekta la babu lisipimwe kilo kabla injini haijageuzwa

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niseme na familia zilizoachiwa trekta la zamani, khasa Massey Ferguson 135, nazo zinashindwa kuamua liuzwe au libaki. Bei ya chuma chakavu ndiyo inayokuja mbio, na ndiyo mbaya kuliko zote. Trekta hili lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Injini yake ni Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, na aina hiyo hiyo iliendelea kufungwa kwenye MF 240 lililokuja baadaye. Kwa hiyo ringi, gasketi na nozeli zake (vinyunyizio vya dizeli) bado zinapatikana. Chombo chenye spea sokoni hakiuzwi kwa mizani.

Kwanza lijulikane ni la nani. Kwa mirathi ya Kiislamu, akiwepo mtoto wa kiume wa marehemu, mjukuu hana fungu, hata kama yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha. Yalipwe madeni, kisha warithi wote, wanawake kwa wanaume, wakubaliane kwa maandishi. Bila ya hivyo mnunuzi naye ananunua ugomvi.

Halafu injini. Nasihi yangu kubwa: msilivute kwa gari ili liwake. Trekta lililolala na bomba la moshi lililosimama wazi huingiwa na mvua, na maji hupita kwenye valvu iliyobaki wazi hadi juu ya pistoni. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikilazimishwa kupanda, mkono unaoishika hupinda, na injini iliyokuwa nzima asubuhi inakuwa mbovu mchana. Toeni nozeli zote tatu, mimineni vijiko viwili vya oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli katika kila silinda, muache siku mbili. Kisha igeuzeni kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki, polepole, mbele na nyuma. Ikigoma, ongezeni oili na subira, msiongeze urefu wa spana.

Kabla ya kuwasha, legezeni kidogo boliti ya kumwagia oili chini ya injini. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwepo hutangulia kutoka. Oili ikiwa na rangi ya tui, maji yameshachanganyika nayo: huenda ni gasketi ya silinda hedi, huenda ni ufa. Gasketi ni kazi ndogo. Ufa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, ndio unaobadilisha uamuzi.

Injini ikizunguka lakini haiwaki, pampu ya dizeli isilaumiwe mapema. Angalieni kama mvuto wa kuzimia umerudishwa ndani. Mwageni dizeli ya zamani, badilisheni filta, kisha toeni hewa: fungueni skrubu iliyo juu ya filta, pigeni kwa mkono kiwiko cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangi mpaka mapovu yaishe, halafu skrubu za pampu kubwa inayolisha nozeli, mwisho nati za mabomba ya nozeli huku stata ikizungusha. Kiwiko kikiwa kilegevu na hakisukumi kitu, pampu si lazima iwe imekufa. Kamshafti inayoisukuma imesimama mahali pa juu. Geuzeni injini kidogo, kitarudi. Pampu nyingi nzima zimetupwa kwa kutojua hili.

Likishawaka na injini kupata joto, tazameni moshi. Wa buluu usiokoma ni oili inayopita kwenye ringi. Mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua, kwa nozeli mbovu au kompresheni ndogo. Mweusi, anzeni na chujio la hewa.

Giaboksi na haidroliki za 135 zinatumia oili moja, karibu lita 30, na gharama hii wengi huisahau. Mipira iliyo chini ya gialiva ikichanika, mvua ya masika inaingia humo humo. Rimu za nyuma nazo zigongwe kwa nyundo kuzunguka tundu la valvu, ndipo kutu ya pwani inapoanzia kula.

Yote hayo yakiwa sawa, swali linabaki: lina kazi? Kwenye ardhi ya maweni jembe la diski halifai kitu. Kwenye bonde la mpunga lililokwishajaa maji litazama hadi ekseli, hapo ni kazi ya pawatila, trekta dogo la kushikwa kwa mkono. Lakini kwa tela la mchanga au mbolea, na kwa kuzungushia pampu ya maji kwa shafti ya nyuma, bado ni mtumwa hodari. Wenye miteremko ya Pemba wafikiri mara mbili: mengi ya aina hii hayana fremu ya kumlinda dereva, na mzigo ukifungwa juu ya usawa wa ekseli ya nyuma trekta linanyanyuka mbele na kumwangukia aliyelipanda.

Bloku ikiwa imepasuka, liuzeni kwa spea: giaboksi, haidroliki, rimu, ekseli ya mbele. Na kama warithi hawajakubaliana, muda huo bomba la moshi lifunikwe kopo, betri itolewe, ekseli ziwekwe juu ya magogo, na injini igeuzwe kwa mkono kila mwezi.

Fundi wa matrekta,
Chake Chake, Pemba