Msimrudishe Kito, atazoea gari

Moshi, Juni

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mvua zimekatika na asubuhi mlima unaonekana vizuri. Barua yako niliisoma usiku, na leo nimeirudia kabla ya kwenda kazini, kwa sababu maneno yale ya mwisho yamenikaa moyoni: kwamba shemeji anataka Kito arudishwe alikotoka, maana mbwa anayetapika garini hamtaweza kuhama naye. Nakuomba sana msimrudishe. Mnahamia Tanga Januari, na Januari Kito atakuwa na miezi kumi. Muda upo.

Mweleze shemeji kwamba mtoto wa mbwa kutapika garini si ubovu wa mbwa. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyenye majimaji, na hivyo ndivyo vinavyoupa ubongo habari kwamba mwili unakwenda, unageuka au unapanda. Kwa mtoto wa mbwa, sehemu hiyo bado haijakomaa. Macho yanaona kiti kimetulia, sikio linasema tunayumba, basi ubongo unachanganyikiwa na moyo unamchafuka. Wengi huachana na tatizo hili wakikaribia mwaka mmoja. Halafu angalia barabara mliyomwanzishia! Lushoto hadi Mombo kupitia Soni ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, na watu wazima waliozaliwa hapo hapo wanashuka wameshika mifuko ya kutapikia.

Ila kuna jambo moja katika barua yako lililonitia wasiwasi zaidi ya kutapika kwenyewe. Umesema siku hizi anadondosha mate na kutetemeka hata gari halijawashwa. Hapo tumbo halihusiki tena, hiyo ni hofu. Safari ya kwanza alitenganishwa na mama yake, iliyofuata akapelekwa kuchomwa sindano, na zote mbili alitapika. Kwake yeye gari ni mahali pa kuumia. Ndiyo maana dawa peke yake haitoshi, na kumsubiri akue tu hakutoshi pia. Akiendelea kuogopa, sikio litakomaa lakini hofu itabaki.

Kwa mbwa wangu Bobi tulianza na gari lililozimwa, limeegeshwa uani, milango ya pande zote mbili ikiwa wazi. Hatukumsukuma wala kumbeba. Tuliweka vipande vidogo vya nyama karibu na gurudumu, halafu kwenye kizingiti cha mlango, halafu juu ya kiti, akawa anaingia na kutoka apendavyo. Alipozoea kulala humo kwa raha, tukafunga mlango kidogo na kuufungua. Baadaye tukawasha injini bila kuondoka. Hatua hii ilichukua muda kuliko zote, kwa sababu mtetemo wa gari nao unawatisha. Kisha tukaenda hadi getini na kurudi, kisha hadi njia panda, na kila mara tukishuka tunacheza naye. Jitahidini safari zake fupi zimalizikie mahali anapopapenda. Zisiwe za kwa daktari tu.

Mwangalie usoni, atakuambia mapema. Akianza kulamba midomo, kupiga miayo mfululizo, kulia kwa sauti ndogo au mate kumchuruzika, simamisheni gari, apumue, na kesho mrudi hatua moja nyuma. Na mwambie shemeji, kwa heshima zote, asimfokee akitapika. Anayefokewa akiwa anaumwa anaongeza sababu ya kuliogopa gari.

Siku ya safari yenyewe asile kwa saa tatu au nne kabla ya kuondoka, ila maji apewe. Akae chini, kwenye tenga imara au afungwe mkanda wa kifuani, aelekee mbele, asiwe anatupwatupwa huku na huku kwenye kona. Mtandikie khanga yako kuukuu yenye harufu ya nyumbani. Kioo kiwe wazi kidogo, hewa ya baridi inasaidia sana. Najua wewe mwenyewe ukisafiri unanusa ndimu, lakini yeye usimwekee. Mbwa wengi hawaipendi harufu hiyo. Alipotapika pasafishwe vizuri, kwa sabuni na maji ya siki, kwa kuwa harufu ikibaki itamkumbusha. Na dereva ashuke mlima kwa gia ndogo, asikanyage breki ghafla. Mkipumzika Soni msimshushe Kito mahali mbwa wa mitaani wanapozurura mpaka chanjo zake zikamilike. Mkifika kule chini kwenye joto, msimwache ndani ya gari lililofungwa hata kidogo. Mbwa hatoi jasho kama sisi, na gari lililo juani linaweza kumuua upesi.

Dawa zipo. Iliyo maarufu inaitwa maropitant. Ilitengenezwa kwa ajili ya wanyama, na kwa kichefuchefu cha safari hutolewa kwa mbwa kuanzia wiki 16, kwa hiyo Kito bado kidogo. Mwulizeni daktari wa mifugo kabla ya Januari, yeye ndiye atakayempima uzito na kupanga kipimo. Vidonge vyenu vya safari msimpe kwa kukisia. Na hili ulishike kuliko yote niliyoandika: kama anatapika hata akiwa nyumbani, hataki kula, au anaharisha damu, hilo si gari. Inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi wa tumbo, nao huwaua watoto wa mbwa haraka. Mkimbizeni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Anzeni wiki hii, na gari likiwa limezimwa. Siku Kito atakapoingia mwenyewe bila kuvutwa, niandikie, hata mistari miwili inatosha. Desemba nikipata likizo nitapanda huko Lushoto tushuke naye pamoja hadi Mombo. Mimi nitakaa nyuma na yeye, shemeji aendeshe polepole.

Wasalimie watoto, na shikamoo nyingi kwa mama.

Rafiki yako akupendaye