Tuzo ya Rais si ya kutafutia cheti

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kajiado na mlezi wa wanafunzi wa Tuzo ya Rais, mpango ambao vijana huhudumia jamii na kufunga safari za nyikani, wakijaza kitabu cha kumbukumbu, kisha huvishwa nishani. Kila wakati wa kuvisha nishani husikia wakubwa wakisema tuzo hii tuliachiwa na Waingereza. Ni kweli kwamba Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, aliianzisha kwao 1956, na Kenya ikaichukua 1966. Lakini wazo alilipata kutoka kwa mwalimu wake, Mjerumani Kurt Hahn.

Hahn alizaliwa Berlin 1886, mtoto wa familia ya Kiyahudi. Mwaka 1920 alifungua shule ya Salem katika kasri la Prince Max wa Baden, chansela wa mwisho wa Ujerumani ya Kaizari, ambaye Hahn alikuwa katibu wake. Agosti 1932 wanamgambo wa Hitler walivamia nyumba moja usiku katika kijiji cha Potempa, wakamuua kibarua mbele ya mama yake. Wauaji walipohukumiwa kifo, Hitler aliwapelekea telegramu ya kuwaunga mkono. Hahn akawaandikia wote waliosoma Salem: aliyejiunga na vikosi hivyo aachane na Hitler, la sivyo aachane na Salem. Sijui ni walimu wakuu wangapi wangethubutu kuandika barua kama hiyo, hasa karo ya muhula ikiwa haijalipwa!

Machi 1933, Hitler akiwa sasa madarakani, Hahn alitiwa ndani. Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, alimwombea akaachiliwa, na mwaka huohuo akahamia Uingereza. Mwaka uliofuata alianzisha Gordonstoun huko Scotland, Philip akiwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo.

Wavulana wa Gordonstoun walishika zamu ya kulinda pwani, macho baharini, kuona kama kuna chombo kilichopata shida. Hiyo ilikuwa sehemu ya masomo yao. Wakati wa Vita vya Pili, tajiri wa meli Lawrence Holt aliona jambo la ajabu: meli zikizamishwa, mabaharia vijana walikuwa wakifia kwenye mashua huku wazee wakiokoka. Yeye na Hahn wakafungua shule ya Outward Bound, ya kuwakomaza vijana wavumilie shida, huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941. Miaka ya 1950 nyingine ikafunguliwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro.

Sasa tazama vitabu vya kumbukumbu vya wanafunzi wetu. Vingi hujazwa wiki ya ukaguzi, kalamu moja, mwandiko mmoja. Kwenye huduma utasoma "kufuta ubao" au "kumbebea mwalimu madaftari". Safari ya kupanda mlima nayo ni basi la shule, picha, soda, kisha nyumbani. Mzazi anataka nishani ya dhahabu kwa sababu kuna ombi la ufadhili wa masomo linalosubiri.

Ninaomba wakaguzi wafanye jambo moja tu. Wasiishie kwa sahihi yangu mimi mlezi. Wampigie simu aliyehudumiwa, awe muuguzi wa zahanati au ajuza aliyetekewa maji, wamuulize kama anamjua kijana huyo kwa jina.

Mwalimu,
Kajiado