Pori la Pande linastahili kutembelewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Pori la Akiba Pande, hapa hapa Dar es Salaam. Wakazi wengi wa jiji hawalijui, na wanaolijua hudhani ni vichaka tu.

Pande ilikuwa msitu wa hifadhi kabla ya kufanywa pori la akiba mwaka 1990. Wachoma mkaa waliumaliza sehemu kubwa, na miti mikubwa ilipoanguka vichaka vikachukua nafasi yake. Lakini tembea humo asubuhi na askari wa wanyamapori, hata saa moja tu, utaona jinsi palivyo hai: ndege wanaitana kila upande, vipepeo wametapakaa njiani, na kelele za magari hazisikiki tena.

Humo anaishi komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Hutoka usiku kuwinda wadudu, mara nyingi karibu na ardhi. Duniani kote yupo Tanzania peke yake, katika misitu michache ya pwani iliyobaki vipande vipande. Kukata vichaka hivyo kwa kisingizio kwamba si msitu ni kumnyang'anya makazi.

Nawasihi walimu wakuu wa shule za jiji wapange ziara za Pande kabla ya kuwapeleka watoto mbugani mbali. Nauli ni ndogo. Na gazeti lako, Mhariri, litume mwandishi akatembee huko.

Mkazi wa Mbezi,
Dar es Salaam