Tuandikiwe Urusi kwa Kiswahili, na majirani zake pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa rohoni tangu niliposoma makala yenu ya majuzi kuhusu vita vya Ukraine, ambayo ilitusimulia kwa urefu habari za makombora na bei ya ngano, lakini haikumtajia msomaji hata kitabu kimoja ambacho angeweza kukifungua ili ajue watu hao ni akina nani na ugomvi wao umeanzia wapi.

Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga, na kila baada ya sala ya Alasiri hukaa barazani na wazee wenzangu, kahawa na kashata zikipita. Miongoni mwetu yumo binamu yangu ambaye mtaa mzima umezoea kumwita Mrusi, kwa kuwa alisomea uhandisi wa mitambo huko katika miaka ya 1970. Mwaka 2022, mabishano yalipopamba moto, mzee huyu aliinuka, akaenda kwake nyumba ya tatu, akarudi na cheti chake kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaweka kidole juu ya jina la mji. Kiliandikwa Kharkov, ambayo ndiyo Kharkiv ya leo. Kumbe miaka yote hiyo Mrusi wetu alikuwa amesoma Ukraine, na mwenyewe hakuwahi kuona haja ya kutusahihisha.

Sikumcheka, maana kosa si lake. Katika Kiswahili chetu neno Urusi lilifunika jamhuri zote 15 za Muungano wa Kisovieti, kiasi kwamba aliyesoma Tashkent, Uzbekistan, alisoma Urusi na aliyesoma Baku, Azerbaijan, alisoma Urusi, na Muungano ule ulipovunjika Desemba 1991 neno likabaki na upana wake uleule. Matokeo yake tunabishana juu ya vita vya nchi mbili tukiwa na jina la nchi moja tu mdomoni.

Vitabu vilivyotufikia navyo vilichangia. Shirika la uchapishaji la Progress la Moscow, lililoanzishwa mwaka 1931, lilichapa vitabu kwa lugha nyingi za dunia na Kiswahili kikiwemo, na bei yake ilikuwa ya kumwezesha hata mwanafunzi kuondoka na viwili. Ninavyo vichache hadi leo, karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake mataifa yote ya Kisovieti yanaishi kama ndugu wa tumbo moja wasiowahi hata kununiana. Siku hizi nafasi hiyo imechukuliwa na vitabu vya Kiingereza kutoka London na New York, ambavyo bei yake sitaitaja nisiharibu siku ya mtu, na vingine katika hivyo vinapiga kelele kuliko vinavyofundisha. Vya kitaalamu vipo, ila havijaandikwa na mtu aliyekuwa akitufikiria sisi.

Nitoe mfano. Pushkin, ambaye Warusi humhesabu kuwa mshairi wao mkuu, alikuwa na babu wa mama yake aliyeitwa Abram Gannibal, mtoto wa Kiafrika aliyechukuliwa kutoka Istanbul akapelekwa kwa Tsar Peter wa Kwanza, mfalme wa Urusi, akasomeshwa, akawa mhandisi wa kijeshi na jenerali. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba alitoka Uhabeshi, na wengi waliridhika hivyo. Mwaka 1996 mwanahistoria wa Benin, Dieudonné Gnammankou, alichapisha kitabu kinachodai kwamba mji wa Lagon anaoutaja Gannibal mwenyewe ni Logone, upande wa Kameruni ya leo karibu na Chad. Mjadala haujafungwa, lakini angalia kilichotokea: Mwafrika alisoma nyaraka zilezile zilizosomwa na wengine, akauliza swali ambalo wao halikuwasumbua sana.

Au mchukue Gogol, aliyezaliwa mwaka 1809 katika jimbo la Poltava, miaka 100 kamili kabla ya Shaaban Robert wetu wa Vibambani. Tamthilia yake ya mkaguzi wa serikali ipo kwa Kiswahili tangu mwaka 1979, na anayeisoma huwatambua wakubwa wale wala rushwa kama anaowaona kila siku. Ila wangapi kati yetu tuliambiwa kwamba mwandishi huyu alikuwa mwana wa Ukraine aliyeandika kwa Kirusi, na kwamba wataalamu wa pande mbili wanavutana juu yake hadi leo? Mvutano huo ni utamaduni na ni siasa ya kanda kwa pamoja, na ndiyo sababu hauelezeki kwa aya mbili za gazeti, pamoja na heshima zote nilizo nazo kwa waandishi wenu.

Sisi wa Tanga tuna cha kusema katika hoja ya lugha na mipaka, ile ya wanaodai kwamba panaposemwa Kirusi ni pa Urusi. Wadigo wako huku na wako Kwale, mpaka wa Horohoro umepita katikati yao, na hakuna aliyedai kwamba kwa kuwa lugha ni moja basi ardhi nayo ihamishwe. Mwaka 1964 mjini Cairo, ni Mwalimu Nyerere aliyepeleka hoja kwa wakuu wa Afrika kwamba mipaka tuliyoirithi iheshimiwe. Hata hivyo, tarehe 2 Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuilaani Urusi kwa kuivamia Ukraine, nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa na 35 hazikuegemea upande wowote, Tanzania ikiwa miongoni mwa hizo 35, wakati Kenya ilikuwa katika zile 141. Mimi sijadili kura hiyo. Ninachosema ni kwamba mtaalamu wetu angeweza kuandika kitabu kizima juu ya Cairo na Crimea, rasi ya Ukraine iliyotwaliwa na Urusi mwaka 2014, na msomaji wa Lushoto akakielewa vizuri kuliko kitabu chochote kinachoanzia Berlin.

Wenzetu walikwisha kutufanyia sisi kazi hiyo. Kamusi ya Kiswahili kwa Kirusi, iliyosimamiwa na Profesa Olderogge wa Leningrad, ilitoka mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Sisi bado tunawasoma wao kwa kupitia dirisha la Kiingereza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni ukurasa wa tathmini ya vitabu angalau mara moja kwa mwezi, wenye kuwaweka Warusi, Waukraine, Wageorgia na Wakazaki kwenye meza moja. Kwa wachapishaji na kwa taasisi zetu za Kiswahili, ombi ni kubwa zaidi: wapo wazee nchini waliosoma Moscow, Kiev, Odessa na kwingineko, wanaoweza kutafsiri moja kwa moja kutoka Kirusi, na kila mwaka tunawazika wengine. Watafuteni wangali wanaona herufi.

Binamu yangu ameanza bila kungoja mtu. Ana daftari kubwa la jalada gumu, na katika kurasa 11 za mwanzo za kitabu cha historia alichorudi nacho kutoka masomoni amekwama kwenye neno moja, derzhava, ambalo Warusi hulitumia kwa nchi yao wanapotaka kuitaja kwa ukuu wake. Aliandika dola, akakata. Akaandika himaya, akakata. Taifa kubwa nalo amelizungushia duara na kuweka alama ya kuuliza. Mwenye neno bora na atuletee barazani, tupo baada ya Alasiri.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Ngamiani, Tanga.