Mbegu ya mwani nayo ina kwao

Mhariri,

Assalamu alaykum. Gazeti hili linaingia nyumbani kwangu miaka mingi na sijapata kuwaandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita, ile ya mbegu mpya za mwani, yaani vipande vya matawi tunavyovifunga kwenye kamba baharini, zitakazoagizwa kutoka nje kuja kutuokoa wakulima wa Unguja, imenishinda kuinyamazia.

Mwandishi wenu anausema mwani tunaoufunga kama kitu chetu cha tangu enzi. Si kweli. Kotonii na spinosumu, aina mbili za mwani tunazolima, zililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo chake hapa kilianza 1989 huku huku kwetu, Paje na Jambiani. Kabla yake mama zetu waliokota mwani wa mwambani, wakauanika na kuuuza, na ulikuwa ukisafirishwa nje tangu kabla ya Mapinduzi. Mama yangu aliujua kwa kuupapasa tu, maji yakiwa magotini. Leo nikimchukua binti yangu nikamwoneshe, tunazunguka mpaka maji yanajaa, na tunachokikuta kimeota mwambani ni spinosumu iliyokatika kwenye kamba zetu wenyewe. Watafiti walishaandika 2015 kwamba mwani wa kigeni umetoka mashambani na kuuzidi wa asili kwenye miamba ya Tanzania. Hawaii nako, kotonii iliyopelekwa ghuba ya Kaneohe miaka ya 1970 ilitambaa ikafunika matumbawe. Habari yenu haikuwa na mstari hata mmoja wa mambo hayo.

Miaka michache nyuma wakala wa mnunuzi mmoja alitushushia magunia ya mbegu za kotonii. Zimetoka wapi, hakusema. Nilipofungua gunia langu nikaona nyuzi nyembamba nyeusi, kama nywele, zimeota kwenye matawi. Nikamwonesha. Akanijibu, "Mama, mwani ni mwani, we funga." Nikafunga kamba 40, kwa sababu kotonii ilikuwa ikilipa karibu mara mbili ya spinosumu na nilikuwa na mtoto wa kulipiwa skuli. Bamvua la pili, maji yanapokupwa sana, kuteremka shambani, matawi yamegeuka meupe, nikiyashika yanamong'onyoka mkononi kama mkate ulioroa. Joto la maji linauua mwani, hilo nalijua, nimeliona mara nyingi. Lakini zile nywele sikuwa nazo shambani kwangu kabla ya gunia lile, na baada ya mwezi zilikuwa kwenye kamba za jirani yangu, mama mtu mzima ambaye hakuchukua mbegu ya mtu, alitumia zake za siku zote! Sote wawili tulivuna taitai tupu, vile vijikamba vya kufungia mbegu. Mimi nikakatwa na deni la kamba juu yake, nikalilipa kwa spinosumu misimu miwili.

Na hizo taitai, kwa kuwa nimezitaja. Kila anayevuna anakata na kuacha. Zimejaa pwani nzima, zinanasa kwenye nyavu za vijana, na mawakala wanaotuuzia hawajapata kurudi kuokota hata moja. Mizani yao sitaianza leo.

Ninachotaka ni hiki. Mbegu yoyote ikiletwa, iwekwe ndani kwanza siku 40, kama mzazi na mtoto wake, kwenye matangi ya nchi kavu ambayo maji yake hayarudi baharini. Ikitoka safi, ndipo ifungwe. Pili, kila kijiji kitenge kipande cha mwamba, kutoka kigingi hadi kigingi, pasifungwe kamba, na spinosumu inayoota hapo ing'olewe kila bamvua. Tatu, kabla ya kuagiza cha watu, waulizwe bibi waliobaki wanaoujua mwani wa asili, wapakiwe ngalawani wakaoneshe ulipo, ujaribiwe huo kwenye kamba. Jambiani peke yake nawajua watatu, na mmoja wao macho yameshaanza kupofuka.

Mkulima wa mwani,
Jambiani, Unguja