Jamil si lazima awe Mwislamu

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha barua ya msomaji aliyedai kuwa Mkristo wa nchi za Kiarabu anayempa mwanawe jina kama Jamil au Karim anaionea haya dini yake. Mimi nafundisha Kiswahili hapa Cairo na ninaishi Shubra, mtaa wenye Wakopti wengi, yaani Wakristo wa asili wa Misri. Naomba nimjibu ndugu huyo kwa daftari langu la mahudhurio.

Mmisri huandikishwa kwa jina lake, likifuatiwa na la baba, la babu, na mara nyingi la baba wa babu. Nikiita "Samir", huyo anaweza kuwa mtoto wa yeyote. "Samir Nabil", bado hujui kitu. Likija la tatu, Girgis, jina la Kikristo, darasa zima limeshajua anasali wapi. Na kitambulisho cha taifa nacho kinataja dini. Sasa mtu wa namna hiyo anamficha nani? Samir na Nabil ni majina ya Kiarabu, na Kiarabu ndicho mama yake alichomgombezea tangu utotoni.

Nionavyo, wazazi hawa wanataka tu mtoto wao ajulikane kwanza yeye, dini yake baadaye. Anayeuita huo woga hajapata kuomba kazi mahali ambapo jina husomwa kabla ya vyeti.

Wapo wanaokwenda kinyume, wakampa mtoto jina la Kikristo waziwazi. Katika daftari hilohilo nina Abanoub, Bishoy, Demiana na akina Mina kadhaa. Hao akina Mina ni wavulana wote, walioitwa kwa heshima ya Mtakatifu Mina, shahidi wa imani ambaye monasteri yake iko karibu na Alexandria. Yupo Kyrillos pia, jina la Papa Kyrillos VI aliyeliongoza Kanisa la Kikopti kuanzia 1959 hadi 1971. Kinachonichekesha ni kwamba baba za vijana hawa mara nyingi ni Adel na Magdi, na babu zao ni Girgis na Boutros. Mjukuu kamruka baba, karudi kwa babu.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini alitaka mwanawe aitwe Karim. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumwekea nadhiri Mtakatifu Mina, na hakuwa na nia ya kuivunja. Ugomvi ulisikika hadi kwangu. Mwisho mtoto akaandikishwa Karim serikalini, na alipotimiza siku arobaini, umri ambao Wakopti huwabatiza wavulana (wasichana husubiri themanini), akabatizwa Mina. Bibi yake hadi leo hajalitamka hilo la serikali.

Kwingine mambo ni tofauti. Wakristo wa Palestina na Jordan humwita mtoto Issa bila wasiwasi. Kwa Wakopti sijamkuta hata mmoja. Mwislamu akimwita wake Yahya, yaani Yohana, Mkristo atachagua Yuhanna au Hanna, ilhali Maryam, Yusuf na Ibrahim ni wa wote. Lebanon, Wamaroni, Wakristo Wakatoliki wa huko, wana akina Charbel, kwa heshima ya mtawa aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1977, na pembeni yao akina Pierre na Michel, majina ya Kifaransa.

Nakubali, wapo waliobadili jina kabisa. Tariq Aziz, waziri wa Saddam Hussein, alizaliwa Mikhail Yuhanna katika familia ya Wakaldayo, Wakristo wa Iraq. Lakini Boutros Boutros-Ghali, Mkopti wa Misri, alilibeba lake, mara mbili kwa mpigo, hadi kwenye kiti cha Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1992.

Nina ombi kwa gazeti pia. Mnapoandika habari za huku, msimpe mtu dini kwa kukisia jina lake. Muulizeni, au liacheni suala hilo nje ya habari.

Mwalimu wa Kiswahili,
Shubra, Cairo