Fungate yetu imegeuka safari ya mzigo

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Bangkok, eneo la Pratunam, katika chumba cha hoteli ambacho nusu yake ni kitanda na nusu iliyobaki ni marobota ya magauni. Mimi na mume wangu tumeoana juzijuzi Dar es Salaam, na hii ndiyo fungate yetu. Angalau ndivyo nilivyoambiwa.

Kuja huku tulikubaliana wote wawili, na pesa tulidunduliza pamoja. Kufika tulifika salama. Pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi tulianzia dawati la afya kuonyesha kadi ya homa ya manjano, maana sisi tunaotoka Tanzania tunadaiwa kadi hiyo kabla ya kwenda uhamiaji. Tukapanda treni ya uwanjani, tukashuka kituo cha Ratchaprarop, tukaburuta mabegi hadi hotelini. Mume wangu ndiye aliyeichagua hoteli, akasema ni nafuu na iko karibu na kila kitu. Kumbe hicho "kila kitu" ni soko.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, ana duka la nguo Kariakoo. Kabla hatujaondoka alimtumia mdogo wake pesa za "vigauni viwili vitatu, mkipata nafasi". Na Pratunam, Shangazi, ndiko wanakojazia mizigo wafanyabiashara kutoka Afrika. Hata Kiswahili nimeshakisikia kwenye ngazi za soko. Maduka mengi ukichukua kuanzia nguo tatu unapewa bei ya jumla, na wale wa barabarani wanapanga bidhaa kabla jua halijachomoza. Basi asubuhi ya kwanza tu, mwili wangu bado uko Dar, naamshwa: "Twende mara moja tumalizane nalo."

Hatujamalizana nalo mpaka leo. Bangkok iko mbele ya Dar kwa saa nne. Saa kumi na mbili asubuhi tukiwa sokoni, Kariakoo ni saa nane usiku na wifi amelala fofofo. Mume wangu anapiga picha, anatuma, ananunua kwa kubahatisha. Ikifika saa tano, sisi tumeshaenda zetu matembezini, ndipo kwao kunapambazuka na simu inaanza kuita. "Hiyo bluu rudisha, nataka kijani." "Nionyeshe kwa video bitana ya ndani." Tunageuza njia.

Siwezi kukudanganya, kupatana bei nakupenda. Muuzaji anakuandikia bei kwenye kikokotoo, nawe unafuta na kuandika yako, mnacheka, hakuna aliyemwelewa mwenzake hata neno moja. Ingekuwa asubuhi moja ningesimulia hadi kwa wajukuu.

Siku moja tu ndiyo ilikuwa yetu, siku simu ya mume wangu ilipozima chaji. Tulipanda boti za mfereji wa Saen Saep, zile zinazokimbia hadi abiria wanavuta turubai kuzuia maji yasiwarukie. Jioni tukaenda barabara ya Phetchaburi, kichochoro cha saba, ambako kuna msikiti wa Darul Aman na wauza chakula cha halali wamejaa pembeni yake. Tulikula mishikaki tukazungumza kama zamani za uchumba. Tukapanga kesho yake twende Ayutthaya, mji mkuu wa zamani uliobomolewa na jeshi la Burma mwaka 1767. Treni ya daraja la tatu haifiki hata bei ya chipsi mayai. Kesho ikafika, simu ina chaji, na wifi ameagiza suruali za kitambaa.

Sasa hata pesa yake imekwisha, na mume wangu anaongezea kutoka kwenye ile ya fungate, "atarudisha tukifika". Mzigo umeshapita kilo za tiketi zetu, kwa hiyo kuna wakala wa kago wa kulipwa pia. Nikiuliza nani analipa, naambiwa nisiwe mchoyo kwa watu wa familia.

Hapo ndipo ninapokwama. Kwenye kamati ya harusi yetu wifi ndiye aliyekuwa mweka hazina. Walioahidi michango walipoingia mitini, alilipia ukumbi kutoka mfukoni mwake na hakumtangazia mtu. Nikifungua mdomo nitaonekana mke mpya aliyekuja kumtenga kaka na dada yake, tena ukumbi wenyewe kalipa yeye. Nikinyamaza, naona ndoa inaanza kwa mume kutokuwa na "hapana" kwa dada yake, na "ngoja kwanza" kwangu.

Nimpigie wifi mwenyewe, kwa heshima, nimwambie mzigo unatosha? Nimshirikishe mama mkwe, ambaye ananipenda lakini hana siri? Au nimwachie mume wangu soko lake, mimi nipande treni ya Ayutthaya peke yangu? Hili la mwisho ndilo linalonivuta zaidi, ila nachelea litasikika Dar kabla sijashuka kwenye treni.

Nijibu mapema, Shangazi. Leo ameanza kuulizia viatu.

Bi Harusi wa Pratunam